Aliyemenya Ndizi Usingizini

Mwalimu Mutashobya alimenya ndizi arobaini kwa dakika kumi na moja, na hakuwepo.

Kemilembe alisimama mlangoni mwa jiko akimwangalia. Kisu kiliingia kwenye ncha ya ndizi, kikateremka, ganda likaanguka kwenye beseni, ndizi ikaingia majini. Mkono wa kushoto ulishika, wa kulia ukakata. Mzee alikaa wima kwenye kigoda, macho yake yameelekea ukutani, mahali pasipo na kitu.

“Karibu,” alisema bila kugeuka. “Habari za huko utokako?”

“Nzuri, Mwalimu. Shikamoo.”

“Marahaba. Mvua imenyesha huko?”

Kemilembe hakujibu. Alijua kwamba swali la mvua huja la pili, na kwamba lisipojibiwa hufuata la watoto.

“Watoto hawajambo?” aliuliza mzee, akachukua ndizi nyingine.

Kitambaa cha kijivu, chembamba kama soksi na cha kupitisha maji, kilionekana kwenye ukosi wa shati lake na kwenye vifundo vya mikono. Hiyo ndiyo Mwenza, mashine ya kuvaa iliyokuwa ikimsogeza viungo. Ilimfunika kuanzia shingoni hadi vidoleni, na chini ya kisogo ilikuwa na kidude cha duara, kikubwa kuliko kifungo cha koti. Kilikuwa na taa ya kijani, kumaanisha kwamba mwenyewe yuko mapumzikoni, yaani usingizini.

Asimwe, binti yake, alitoka chumbani akifunga kilemba. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, muuguzi wa zamu katika zahanati ya bondeni, na tayari alikuwa amevaa viatu vya kazini.

“Umeona?” alisema. “Asubuhi ametembea kilomita tano. Presha yake nzuri kuliko yangu. Sukari imeshuka. Mwaka huu hajaugua hata mafua.”

“Nimeona,” alisema Kemilembe. Alifungua bamba lake la kazi, lile la kioo, akatafuta Fomu ya Saba. “Nani aliyechagua amenye ndizi?”

“Iko kwenye orodha ya mkoa. Kazi za jikoni alama ishirini. Mwenyewe hakuwahi kumenya ndizi maishani mwake. Mama angemwona angecheka.”

Wote wawili walitabasamu, na Asimwe alikuwa wa kwanza kuacha.

Kemilembe alikuwa mtaalamu wa tiba kazi, mtu anayewarudisha wagonjwa kwenye shughuli zao za kila siku: kuoga, kuvaa, kula, kutoka nje. Hivyo ndivyo alivyosomea. Kwa miaka sita sasa, hata hivyo, kazi yake kubwa ilikuwa kuzunguka Kamachumu na vilima vya jirani akisaini fomu. Alikuwa amesaini zaidi ya mia mbili. Fomu ya Saba ndiyo ya mwisho. Ikishasainiwa, mteja huhesabiwa kuwa anajitegemea, na sheria haimdai mtu yeyote amwamshe tena.

“Alama tisini na sita,” alisema. “Zinatosha. Imebaki saa moja ya kuwa macho, halafu nasaini.”

“Haina haja,” alisema Asimwe upesi. “Mwenzako aliyekutangulia alikuwa anajaza tu.”

Kemilembe alirudi nyuma kwenye kumbukumbu. Sheria ilitaka kila mteja aamshwe saa moja kwa kila miezi mitatu. Mwalimu Mutashobya alikuwa mapumzikoni kwa miaka miwili na miezi miwili. Masanduku yote yalikuwa na alama ya vema, lakini mashine yenyewe ilionyesha kwamba taa ya kijani ilizimwa mara mbili tu, zote mwaka wa kwanza.

“Hajaamshwa kwa zaidi ya mwaka mmoja na nusu,” alisema.

“Alikuwa analia. Mara zote mbili alilia bega, akaomba arudishwe. Yule bwana akanionea huruma.”

Kemilembe alijisikiliza aone kama na yeye ana huruma. Alikuta uchovu, na chini ya uchovu hakukuta kitu. Akamwomba mzee aweke kisu chini, na mzee akakiweka. Akamwongoza hadi kwenye kiti chenye mikono, sebuleni, akabonyeza kile kidude cha kisogoni mara mbili.

*

Mwenza haikutengenezwa kwa nia mbaya. Madaktari walijua tangu zamani kwamba mtu aliyepigwa na kiharusi huupata tena mkono wake kwa kuutumia. Ubongo hutafuta njia mpya ya kuufikia, na njia hiyo huchongwa kwa kurudia jambo lile lile mara maelfu, mwenyewe akiwa ametia nia. Lakini kurudia huko kunauma na kunachosha, na wengi walikata tamaa kabla ya mara ya mia. Basi likashonwa vazi la kumsogeza mgonjwa viungo. Baadaye kikaongezwa kidude cha kumpumzisha mwenyewe wakati viungo vinasogezwa, asisikie maumivu. Mwanzo ilikuwa nusu saa kwa siku, kisha mchana mzima.

Namba zilikuwa nzuri. Mioyo iliimarika, mifupa haikuvunjika, vidonda vya kulala kitandani vikaisha. Misuli ilifanya mazoezi kila siku. Ila ubongo, ambao haukuwepo, haukujifunza chochote.

Taa ilipozimika, Mwalimu Mutashobya alianguka akiwa amekaa. Mgongo ulilegea, kichwa kikaenda upande, mkono wa kushoto ukateleza kutoka pajani ukaning’inia. Asimwe alimdaka bega na kumweka sawa kwa mto.

Macho yake yalizunguka chumba polepole.

“Bega,” alisema. Sauti ilikuwa nzito na ya chini, haikufanana na ile ya salamu. “Nani huyu?”

“Naitwa Kemilembe, Mwalimu. Natoka kwenye Mpango wa Wenza. Nimekuja kukuona.”

“Umeniona.” Alijaribu kuchukua kikombe cha maji mezani kwa mkono wa kulia, ule ambao kiharusi hakikuugusa. Ulitetemeka kama mkono wa mtu mwingine, na maji yakamwagikia kifuani. Aliyatazama. “Asimwe, mwite mama yako aniletee chai. Wewe unaweka sukari nyingi.”

“Amekwenda sokoni, Baba.”

“Aha.”

Asimwe alimshika Kemilembe mkono, akamtoa nje hadi kwenye kona ya nyumba, karibu na pipa la maji. Kibanja kilianzia hapo, migomba imesimama kwa mistari, na katikati yake palikuwa na kaburi la saruji, bado jeupe.

“Mama alifariki mwezi wa sita,” alisema kwa sauti ya chini. “Miezi minane sasa. Usimwambie.”

Kemilembe alilitazama kaburi. “Mama alizikwa Mwalimu akiwa mapumzikoni?”

“Alikuwepo. Namaanisha, alisimama. Alivaa kanzu. Alitia udongo kama watu wengine, akapokea rambirambi. Watu walisema amejikaza kiume.” Asimwe alipangusa uso kwa kiganja, ingawa haukuwa na machozi. “Ningefanya nini? Nimwamshe siku ya msiba nimwambie, halafu nimrudishe? Au nimwache macho, hawezi hata kukaa?”

“Ana haki ya kujua.”

“Alisaini. Siku anavalishwa alisema kwa mdomo wake, nikiwa hapo, mama yupo: msiniamshe mpaka nipone. Sasa nikuulize wewe msomi. Amepona?”

“Hajapona.”

“Basi asiamshwe. Saini karatasi yako.” Alingoja kidogo, kisha akaongeza polepole zaidi: “Dada yangu, mimi naondoka hapa saa saba, narudi saa tatu usiku. Akiwa na Mwenza namkuta amekula, ameoga, amefagia uwanja. Akiwa macho nani atamwinua? Wewe?”

Kila alichokisema Asimwe kilikuwa kweli. Mzee aliomba asiamshwe. Lakini aliyeomba hakujua kwamba angelala na kukosa kumzika mkewe. Na kumwambia sasa ilikuwa ni kumtwisha mtu mzigo ambao hana hata mkono wa kuupokelea. Kemilembe aliangalia saa. Zilibaki dakika ishirini na nne.

Waliporudi ndani, mzee alikuwa anautazama mlango wa chumbani, uliokuwa wazi. Kitandani palikuwa na mto mmoja.

“Wewe binti wa Mpango,” alisema. “Nilifundisha michezo miaka thelathini na moja. Mtoto akinidanganya kwamba amezunguka uwanja, namjua kwa pumzi. Mke wangu yuko sokoni?”

Asimwe alimtazama Kemilembe. Kemilembe aliyatazama magoti yake mwenyewe. Ingetosha kusema ndiyo. Dakika zikiisha angebonyeza mara mbili, na mzee huyu angemenya ndizi hadi mwisho wa maisha yake bila ya kujua kitu.

“Amefariki, Mwalimu,” alisema. “Mwezi wa sita. Yuko hapo kibanjani.”

Asimwe alitoka nje. Hakuubamiza mlango.

Mzee alikaa. Uso wake, uliolegea upande wa kushoto, haukubadilika. Nje kuku alikuwa anatifua majani makavu.

“Nani alimzika?”

“Watu wote. Na wewe ulikuwepo.”

“Sikuwepo.”

“Mwili wako ulitia udongo.”

“Sikuwepo,” alirudia, kama mwalimu anayemrekebisha mtoto daftarini. Kisha akauliza: “Nikilala tena, nitasahau ulichoniambia?”

“Hapana. Lakini hutaumia nacho.”

Alifikiri. Kemilembe alitegemea kilio, akajiandaa kwa kilio, na hakikuja.

“Usinirudishe,” alisema Mwalimu Mutashobya.

*

Fomu ya Saba ilirudi mkoani bila saini, na Kemilembe akaomba apangiwe nyumba hiyo kila siku mbili. Alikubaliwa kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka.

Siku ya kwanza alimuuliza swali ambalo hakuwa amemuuliza mtu kwa miaka. “Mwalimu, unataka uweze kufanya nini?”

“Kufika pale.” Alionyesha dirisha kwa kidevu. “Ni hatua mia moja na arobaini. Zamani nilipima.”

“Na nini tena?”

“Kula bila kulishwa. Ndizi wamenye wengine.”

Basi walianzia kwenye kula. Kemilembe alikizungushia kijiko mpira wa baiskeli ili mpini unenepe, akaweka kitambaa chenye maji chini ya sahani isiteleze. Mkono wa kulia ulihitaji siku tisa kuzoea tena kutii. Wa kushoto aliuweka juu ya meza, kitambaa chini yake, wa kulia juu yake, na mzee akawa anapangusa meza ile ile, mbele na nyuma, mara sitini asubuhi na mara sitini jioni.

“Utazame,” Kemilembe alimwambia. “Usitazame dirishani. Mkono usioutazama hauji.”

“Hausikii.”

“Najua. Utazame hivyo hivyo.”

Kwa miguu, aliweka matofali chini ya kiti kiinuke, mzee aweze kusimama kwa urahisi. Kusimama na kukaa, mara kumi. Kila wiki aliondoa safu moja ya tofali. Fundi alifunga bomba la kushikilia kutoka mlangoni hadi kwenye ngazi. Alama za mzee katika mashine ya mkoa zilishuka kutoka tisini na sita hadi thelathini na moja. Presha ilipanda. Jioni bega lilimuuma hadi jasho likamtoka, na hakusema kitu.

Mama mmoja jirani alikubali kuja mchana, Asimwe akiwa kazini. Asimwe hakumsalimia Kemilembe kwa wiki mbili. Alikuwa akimwogesha baba yake asubuhi, akimvisha, akimnyanyua kwa kwapa, akimpeleka msalani hadi mlangoni na kungoja akiwa amegeuka. Hakuna aliyelizungumzia jambo hilo. Kwao binti hamwogeshi baba yake. Lakini nyumba haikuwa na mtu mwingine asubuhi, na maji ya moto yalikuwa yanapoa.

Siku ya ishirini na tatu mzee aliamua aoge mwenyewe. Alifika bafuni, akavua nguo kwa nusu saa. Mguu wa kushoto ulinasa kwenye kizingiti akaanguka kifudifudi. Asimwe aliusikia mshindo. Alimkuta sakafuni uchi, damu inamtoka kwenye paji la uso, akijaribu kuvuta taulo ambayo hakuweza kuifikia.

Aliushona ule mkato yeye mwenyewe, nyuzi tano. Baada ya hapo baba na binti hawakuzungumza kwa siku mbili.

Siku ya tatu alikuja Bwana Rugaimukamu, mkaguzi wa Mpango. Alikuwa mtu mpole, aliyevua viatu mlangoni. Aliketi, akaweka bamba lake mezani, akaeleza kwamba mteja akijeruhiwa, familia ina ruhusa ya kuomba arudishwe mapumzikoni, na kwamba Mpango ungeunga mkono.

“Dada Asimwe, unaomba?”

Asimwe alikuwa amesimama karibu na dirisha. “Naomba,” alisema, akimtazama mkaguzi. “Nimechoka. Sitaki siku moja nirudi nimkute amekufa bafuni.”

Bwana Rugaimukamu aligeuka. “Na wewe, mtaalamu?”

“Aliangukia kwenye kizingiti nilichotakiwa kukiona,” alisema Kemilembe. “Kosa ni langu. Iandike hivyo. Lakini mteja yuko macho, aulizwe yeye.”

Mzee alikuwa na plasta kwenye paji la uso.

“Kuogeshwa nimechoka nako. Mwanangu asinione tena vile. Mwenza initie maji, inisugue, inivishe. Na msalani vilevile. Hiyo ni saa moja asubuhi, saa moja jioni.”

“Kwa hiyo unarudi mapumzikoni,” alisema mkaguzi, akiinua kidole kubonyeza bamba.

“Sijamaliza. Inisogeze nikiwa macho. Kidude cha usingizi kitolewe. Na Mwenza ikishanivisha izimwe, chakula nile mwenyewe, nitembee mwenyewe. Nikianguka kibanjani nimeanguka.”

“Mzee wangu, fomu ina nafasi mbili. Mteja anajitegemea kwa Mwenza, au mteja hajitegemei.”

“Nilikuwa na vijana wanaokimbia vizuri wasioweza kuruka,” alisema Mwalimu. “Sikuwahi kuwaambia hawajui michezo. Niliwapanga wakimbie.”

Kemilembe alilichukua lile bamba kutoka mezani. “Nitaandika pembeni.”

“Watairudisha.”

“Wairudishe.”

Asimwe hakuondoa ombi lake wala hakulirudia. Aliuliza jambo moja tu, kwa sauti ya muuguzi: kama Mwenza inaweza kuogesha mtu aliye macho bila ya kumuumiza bega. Kemilembe alisema inaweza, ikiendeshwa polepole. Asimwe aliitikia kwa kichwa, akaenda kuinjika maji.

Fomu ilirudishwa mara mbili. Mara ya tatu haikurudi.

*

Mwezi wa nne tangu aamke, mzee alifika kaburini. Alitumia fimbo ya miguu minne, akapumzika mara tatu kwenye viti ambavyo Kemilembe alivipanga njiani. Hatua hazikuwa mia moja na arobaini tena, zilikuwa mia mbili na sitini, kwa kuwa zilikuwa fupi. Alisimama mbele ya saruji. Kemilembe na Asimwe walibaki nyuma. Baada ya muda aligeuka, akasema ameona, warudi.

Hakuna aliyejua alichokiona. Usoni alikuwa vilevile.

Walikaa kwenye benchi nje ya nyumba, naye akaomba maji, akanywa bila kumwaga. Presha yake ilikuwa imeanza kushuka tena, safari hii kwa miguu yake mwenyewe. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimeanza kujikunja, kidogo, siku moja moja.

“Siku za mwisho alikuwa na nani?” aliuliza ghafla.

Asimwe alikuwa amechutama akifunga kamba ya kiatu cha baba yake. Hakuinua kichwa. “Na wewe. Mimi nilikuwa kazini.”

“Na mimi.”

“Ulimlisha uji wiki mbili. Niliiagiza Mwenza. Ilikuwa na upole sana, Baba. Haikumwagia hata tone.”

“Alidhani ni mimi?”

Asimwe alimaliza kamba moja, akahamia ya pili. “Hapana. Nilimwambia nitakuamsha, akakataa. Alisema ukiamka utamwona alivyokonda, na huna nguvu ya kufanya lolote. Akasema, najua hayumo, lakini mkono ni wake.”

Mzee alimgeukia Kemilembe.

“Hii mashine inaandika ilichofanya?”

“Inaandika mijongeo tu. Haiandiki maneno.”

“Mijongeo ya siku hizo ipo?”

Ilikuwepo. Mpango ulihifadhi miaka mitano. Kemilembe aliitafuta kwenye bamba lake, tarehe hadi tarehe, akaipata. Kulikuwa na mstari mrefu wa mkono wa kulia, kupanda na kushuka, kijiko baada ya kijiko. Chini yake ulikuwa mstari wa mkono wa kushoto, umenyooka. Katika siku ya mwisho, mstari wa kushoto ulipanda mara moja, ukafunguka, ukabaki hapo.

“Naweza kuurudisha kwenye mwili wako,” alisema. “Ukiwa macho. Utafanya ulichofanya. Lakini sijui kama ni jambo jema, Mwalimu. Kweli sijui.”

“Ndani ya nyumba,” alisema. “Pale kitandani.”

Walimkalisha kwenye kiti kando ya kitanda, mahali Asimwe alipokumbuka kilikuwa. Kemilembe alimvisha Mwenza. Palipokuwa na kidude cha kisogoni palibaki tundu lililoshonwa. Akaanzisha.

Mkono wa kulia ulinyanyuka ukiwa mtupu, ukachota hewa, ukaipeleka mahali palipokuwa na mdomo. Ulingoja. Ulishuka. Ulipanda tena, na kidole gumba kikapangusa kidevu kisichokuwepo. Mzee aliutazama bila kupepesa, kama alivyofundishwa. Mara ya tisa mkono ulingoja muda mrefu, kisha ukakirudisha kijiko kwenye bakuli ambalo halikuwepo, ukatulia.

Hapo wa kushoto ukasogea. Ulitoka pajani, ukavuka hadi kwenye shuka, ukageuka, kiganja kikatazama juu. Ukafunguka. Ukabaki wazi juu ya shuka tupu.

Dakika zilipita. Hakuna kilichosogea.

“Ndiyo yote?” aliuliza mzee.

“Inakaa hivyo dakika kumi na moja.”

“Kwa nini?”

Kemilembe alisoma namba. “Kitambaa kinapima mgandamizo. Kulikuwa na mkono juu ya wako. Mwanzoni ulikubana. Baadaye haukubana, uliwekwa tu.”

“Na mimi nilifanya nini?”

“Mwenza ilingoja. Huwa inangoja mtu akiishika.”

Asimwe aliketi upande wa pili wa kitanda, mikono katikati ya magoti. Walingoja wote watatu dakika zile ziishe, na zilikuwa ndefu. Mstari ulipofika mwisho, kiganja kilijifunga, mkono ukarudi pajani.

Mzee alipumua. Kemilembe alisogea kumvua.

“Rudia,” alisema mzee. “Ukifika pale unapofunguka, zima. Niushike mwenyewe.”

“Utaanguka. Bega halijawa na nguvu hiyo.”

“Zima.”

Akarudia. Kijiko mara tisa, kidole gumba kwenye kidevu, mkono wa kushoto ukavuka shuka, ukageuka, ukafunguka. Kemilembe akazima.

Kiganja kilitetemeka. Vidole vilitaka kujikunja, mzee akawa anavizuia kwa macho, mishipa ya shingo imesimama, jasho likamtoka kwenye kovu la paji. Kiwiko kilianza kuteleza kuelekea ukingoni mwa kitanda, kikasimama, kikateleza tena. Hakuusikia mkono wake. Alijua uko wazi kwa sababu alikuwa anauona.

Ulipoanguka hatimaye, Asimwe aliuokota, akauweka juu ya shuka, akauacha hapo.

Kemilembe aliandika: dakika mbili na nusu, bila msaada.